Shusha!

Saa tatu usiku, prepo imekwisha na taa za madarasa zinazimwa moja baada ya nyingine, nilibishiwa hodi na binti wa kidato cha tatu ambaye nilikuwa nimemteua mwenyewe kuwa mshauri rika. Akanipa shikamoo yake, nikaitikia, akakaa. Kwa muda hakusema kitu. Mabega yake yalikuwa yamepanda yakakaribia masikio, kama ya mtu aliyekutwa na mvua njiani akawa anatafuta kibaraza cha kujibanza. Kisha akauliza, "Madam, hizi siri za watu nikalale nazo wapi?"

Wiki hiyo alikuwa amesikiliza wenzake saba. Mmoja, baba yake amehamia kwa mke mwingine na ada haijalipwa. Mmoja amefeli Hisabati mara ya tatu na anaogopa kurudi nyumbani. Wawili wamegombana, na bweni zima limegawanyika kwa sababu yao. Na mmoja alikuwa na jambo ambalo halikupaswa kukaa hata usiku mmoja kifuani kwa mtoto wa miaka 16. Hilo tulilipeleka kesho yake asubuhi kwa wenye dhamana ya kulishughulikia. Lakini usiku ule, kabla sijajua la kufanya, nilimpa jibu ambalo nimepewa mimi maisha yangu yote. Nilimwambia, "Jikaze."

Akajikaza. Niliyaona mabega yakipanda tena kidogo.

Tangu siku ile neno hilo linanikera kama punje ya mchanga kwenye wali. Tunalisema msibani, tunalisema leba, tunamwambia kijana jandoni na mtoto anayechomwa sindano. Tuna "piga moyo konde", tuna "vumilia", na vijana wana lao, "jikaze kisabuni", ingawa sijui kama aliyelitunga aliwahi kuangalia sabuni huishia wapi. Sina ugomvi na kujikaza. Ziko siku ambazo bila kujikaza mtu haifikii jioni. Ila mimi ni mwalimu wa Baiolojia, na kila mwaka huchora ubaoni mkono unaokunjwa: msuli wa mbele unakaza, wa nyuma unalegea, la sivyo mkono haukunjiki. Nimewafundisha hivyo watoto wa watu kwa miaka mingi, nikawapa na maswali ya mtihani, halafu nikitoka darasani nawaambia wakaze pande zote mbili.

Ualimu wa malezi nilipewa kama wanavyopewa wengi: kikao cha mwanzo wa mwaka, mkuu wa shule anaangaza macho, na wewe ndiye uliyechelewa kuinamia daftari lako. Ndani ya kazi hiyo nikakuta washauri rika. Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 1970, katika shule za Palo Alto, California, daktari wa akili Beatrix Hamburg na mwanasaikolojia Barbara Varenhorst walianza kuwafunza wanafunzi wa sekondari namna ya kusaidia wenzao. Hoja ni nyepesi kueleweka: kijana akipatwa na jambo humwambia kijana mwenzake kwanza, tupende tusipende, basi heri huyo anayeambiwa awe amefundishwa. Kwetu wazo hilo lilishika zaidi miaka ya UKIMWI, likaja limevaa fulana na kofia zenye maandishi. Nimehudhuria mafunzo yake mara kadhaa. Siku tatu, soda na maandazi, mwisho cheti. Tunawafundisha kutunza siri, kutohukumu, kuuliza swali lisilojibiwa kwa ndiyo au hapana. Yote hayo ni ya masikio na mdomo. Kutoka shingoni kwenda chini hakuna aliyegusa.

Na huko chini ndiko siri zinakokaa. Muulize msikilizaji yeyote. Atakuambia anaumwa mgongo, tumbo linamsokota, usingizi umekata. Hatasema, "Nimeelemewa na habari za mama wa fulani." Lugha yetu yenyewe humwambia mwenye huzuni kwamba "ana mawazo", kana kwamba kuwaza tu ni ugonjwa, Washona wa Zimbabwe nao huita hali hiyo kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Tunajua pa kuiweka kichwani. Mwilini tunaiita malaria, tunanunua dawa.

Njia ya kuufikia mwili nilionyeshwa na mtu aliyekwisha kufa, daktari Edmund Jacobson wa Chicago. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1929 alieleza zoezi ambalo linaonekana la kitoto: kaza kundi moja la misuli, lisikilize linavyokaza, kisha liachie, usikilize tofauti. Alishikilia kwamba wasiwasi na mwili uliolegea kabisa havikai nyumba moja. Kwake yeye somo lilichukua miezi, maana alitaka mtu aujue mwili wake kipande kwa kipande. Baadaye Joseph Wolpe, daktari wa Johannesburg, alilifupisha kwa ajili ya wagonjwa wake wenye hofu, na ni toleo fupi la namna hiyo linaloweza kupenya kati ya prepo na kengele ya kulala.

Kilichonipendeza kwa Jacobson ni kwamba hakuanza na "legea". Ukimwambia kijana wa miaka 15 alegee atakutazama kama umemtukana. Ukimwambia akaze, analijua. Hilo amelelewa nalo.

Basi Alhamisi moja jioni nikawakusanya chini ya mkungu, washauri rika 12, wasichana saba na wavulana watano, juu ya mikeka tuliyoazima kwa matroni. Upepo wa kusi ulikuwa unapiga kutoka baharini na majani makubwa ya mkungu yanaanguka hovyo juu yao. Nikaanza na ngumi. Finya, hesabu hadi saba, achia, hesabu hadi 20. Kisha mikono, kisha mabega yaguse masikio, kisha uso wa mtu aliyelamba ndimu. Hapo wavulana walicheka hadi mmoja akapaliwa, na mimi nikawaacha wacheke, kwa kuwa anayecheka ameshalegeza taya bila kuambiwa. Kisha tumbo, kama la mtu anayengoja ngumi. Kisha miguu, vidole vishike mchanga.

Wawili walilala usingizi wa kukoroma. Niliona haya kidogo mwanzoni, kama mwalimu anayelaliwa darasani, mpaka nikakumbuka kwamba mmoja wao alikuwa ameniambia hajalala vizuri tangu muhula uanze. Kiranja wa bwalo, kijana mpana wa mabega anayeogopwa na kidato cha kwanza chote, alikwama kwenye taya. Alifungua, likajifunga. Akafungua tena. Mwishowe akasema kwa sauti ya mtu aliyegundua pochi yake imeibwa: "Kumbe nauma meno muda wote."

Binti mmoja wa Lushoto, mahali ambapo mtu huzoea kupanda mlima na mzigo kichwani, ndiye aliyelipa somo jina la kwao. Akasema hii ni ngata. Wenzake wa mjini hawakumwelewa, ikabidi aeleze: lile duara la nguo unaloviringisha ukaweka kichwani kabla ya ndoo. Mmoja akamuuliza, "Kwa hiyo ndoo inakuwa nyepesi?" Akajibu hapana, ndoo ni ile ile, ila haikuchubui.

Jina lake halikudumu, kwa sababu wiki ya pili lilikuja lingine lililowachekesha zaidi. Tulikuwa tumefika kwenye pumzi.

Kwenye pumzi Kiswahili kilitangulia. Pumua, pumzi, pumzika: maneno ya ukoo mmoja. Kengele ya saa nne ikilia, watoto wanakimbilia uji, tunasema wako mapumziko, na hakuna anayesikia pumzi iliyojificha humo. Tuna kuhema na kutweta kwa mtu aliyekimbizwa. Tuna roho juu kwa mtu anayesubiri habari, na ukimtazama utaona kweli hewa imemkalia juu, kifuani karibu na koo. Na tuna kushusha pumzi. Anashusha pumzi aliyetua mzigo, aliyesikia jina lake limo, aliyeona daktari anatoka chumbani akitabasamu. Nilipowaambia wafanye hivyo bila kusubiri habari njema, kijana wa mjini akapaza sauti ya abiria wa daladala aliyepitishwa kituo: "Konda, shusha!" Tangu hapo zoezi zima likaitwa Shusha. Ukiwasikia koridoni wanasema, "Tupige Shusha kwanza," ujue ni hilo, si daladala.

Kinachotokea ndani ni rahisi kuchora ubaoni, na vijana hupenda kujua kwamba hawadanganywi. Moyo haupigi kwa mwendo mmoja kama saa ya ukutani. Ukivuta hewa, huongeza mwendo kidogo, ukiitoa, hupunguza. Anayeshika breki ni neva iitwayo vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo ikashuka shingoni, ikafika moyoni, mapafuni na tumboni. Jina lake la Kilatini maana yake mzururaji, na kwa safari hiyo amelistahili. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, breki hukaa muda mrefu zaidi. Upande wa pili kuna kile alichokieleza Walter Cannon wa Harvard mwaka 1915, mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia: damu kwenye misuli, tumbo kusimama kazi, moyo kwenda mbio. Mwanafunzi aliyekutana na nyoka chooni na mwanafunzi aliyeitwa ofisini bila kuambiwa sababu wana karibu mwili mmoja. Tofauti ni kwamba wa nyoka atakimbia, na akishakimbia imekwisha. Wa ofisini anaketi nayo. Na mshauri rika, ambaye nyoka si wake, ameketi na nyoka wa watu saba.

Kufundisha kwenyewe hakuna ufundi mkubwa. Lala chali, weka kaunta buku tumboni, vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita. Kaunta ikipanda na kushuka kama ngalawa iliyotia nanga, unapumua kwa tumbo. Ikitulia na kifua ndicho kinachopanda, bado. Wasichana walinishinda hapo kwa muda. Nilidhani ni ukaidi, kumbe ni mikanda ya sketi, na nyuma ya mikanda ni miaka ya kuambiwa "ingiza tumbo ndani". Sikuwa nimefikiria kwamba ingekuwa lazima kumpa binti ruhusa ya kuwa na tumbo.

Mtoto wa mvuvi wa Kigombe alielewa kabla sijamaliza sentensi. Akasimama akatuonyesha wanavyovuta nyavu ufukweni: mmoja anatoa sauti, wote wanaitikia kwa pamoja, na kamba inakuja pale wanapoitikia, yaani pumzi inapotoka. "Anayevuta bila kuitikia anachoka kabla ya wote, madam." Nilikuwa nimekuja na daktari wa Chicago na profesa wa Harvard, na baba yake alikuwa ameshafundisha somo hilo mchangani.

Haikuchukua muda mwalimu mwenzangu akaniuliza, kwa upole lakini mbele za watu, kama sasa nawafundisha watoto dini za Kihindi. Swali lake halikuwa la kipuuzi. Mzazi anapomleta mtoto bweni anatuachia na imani yake. Nilimjibu kwa kumwelekeza kwenye utafiti wa madaktari wa Italia, uliochapishwa mwaka 2001 katika jarida la madaktari wa Uingereza, ambao waliwapima watu wazima 23 wakisali rozari kwa Kilatini na wakirudiarudia maneno ya watawa wa Kibudha. Kwa vyote viwili pumzi zilishuka zikawa karibu sita kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua mara 12 hivi au zaidi. Herbert Benson, daktari wa moyo wa Boston, alikuwa ameshaandika mwaka 1975 kwamba neno lolote linalorudiwa kwa utulivu linatosha, na baadaye akaongeza kwamba mtu akilichukua kutoka imani yake si vibaya. Tangu siku hiyo kila mmoja huja na lake. Wako wenye tasbihi, 33 kwa 33. Wako wa rozari. Kuna mlokole mmoja anayerudia neno moja tu na hataki kutuambia ni lipi. Kijana wa kwaya anavuta sauti ya besi isiyo na maneno, na kusema kweli hiyo ndiyo inayonituliza mimi zaidi.

Lakini chini ya swali la mwenzangu kulikuwa na hofu nyingine ambayo hakuitaja. Kila aliyefundisha shule ya bweni ya wasichana anaijua. Mmoja anaanguka darasani akipiga kelele, anafuata wa pili, wa tano, na kufikia saa nane mchana mashehe na wachungaji wako getini na wazazi wanataka watoto wao. Kufumbisha watoto macho jioni chini ya mti ni kuyaita hayo, alivyoona yeye.

Hapo ndipo huwakumbuka wasichana wa Kashasha. Tarehe 30 Januari 1962, Tanganyika ikiwa haijatimiza miezi miwili ya uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni katika kijiji hicho, huko upande wa Bukoba, walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Kufikia katikati ya Machi walikuwa wamepatwa 95 kati ya wanafunzi 159, na tarehe 18 shule ikafungwa. Wakarudi makwao, na vicheko vikaenda nao vijijini. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hiyo mwaka 1963, hawakukuta sumu wala kijidudu. Dunia huisimulia kama kichekesho, ugonjwa wa kucheka wa Afrika. Mimi nikiisoma nawaona watoto mbali na nyumbani, katika nchi iliyopata uhuru juzi tu, chini ya walimu wakali, hawana wa kumwambia. Na mwili ukasema.

Jambo moja katika taarifa ile huwa silipiti haraka: walimu hawakupatwa hata mmoja. Waliishi palepale, walikula palepale, na kitu kile kikawapita kwenda kwa mwenye umri wa mwenzake. Kitu hicho kina njia yake, na watu wazima hatumo; utulivu nao hupita humo humo. Nikisimama mstarini nikasema "tulieni", hilo ni tangazo tu, kama la kurudisha vitabu maktaba. Binti aliyekaa kitandani pembeni ya mwenzake, mabega yake yameshuka, hana haja ya kusema. Nimewaona wakifanya hivyo mlangoni mwa chumba cha mtihani wa moko: mmoja anatoa pumzi ndefu, kwa makusudi, na wa karibu naye anaifuata bila kujua kwamba ameifuata.

Hata hivyo mwenzangu alikuwa na haki kuhusu macho, ingawa si kwa sababu aliyoidhania. Kikao cha tatu nilisema, "Fumbeni macho wote," kwa sauti ile ya mwalimu inayotaka wote. Baada ya dakika moja binti mmoja alianza kutetemeka, pumzi zikawa fupifupi, akasimama akatoka. Niliganda. Aliyemfuata ni yule yule wa siri saba. Nilimwona amekaa naye ngazini, hakumshika, akamwomba amtajie anavyoviona. Mkungu. Ndoo ya bluu. Kunguru. Kandambili za matroni, moja imekatika. Wakaendelea hivyo mpaka sauti ikarudi ya kawaida. Sikuwa nimemfundisha hilo. Baadaye alisema ndivyo bibi yake alivyokuwa akimfanyia alipoamka na jinamizi.

Mtu aliyewahi kuumizwa gizani, giza la kope zake mwenyewe si mapumziko kwake. Lilikuwa kosa langu, na ningeweza kulijua mapema kama ningejiuliza kwa nini baadhi yao kila mara huchagua kukaa karibu na njia. Siku hizi macho yako wazi kwa anayetaka. Anayetaka kutoka hatoi maelezo. Hakuna kumgusa mtu bega kumwonyesha. Na sisemi "wote" tena katika somo hilo.

Kosa la pili walilifanya wao, lakini nililisababisha. Mshauri mmoja, akiwa na ari ya kitu kipya, alimsikiliza mwenzake anayerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, akampa Shusha dakika tano nzima. Mwenzake akaja kwangu amekasirika: "Kaniambia nivute pumzi, nimevuta. Ada bado." Nilicheka kwa aibu. Nimekuwa nikiisema sentensi yake hiyo kwa washauri wapya kila mwaka, neno kwa neno, kwa sababu sijapata iliyo bora. Zoezi hili kwanza ni la msikilizaji. Ni la kufanya kabla hajafungua masikio na baada ya kuyafunga, ili mwili wake usigeuke ghala. Akimfundisha mwenzake aliyeomba, sawa. Lakini anayelia njaa hapewi pumzi, na mwenye jeraha la nyumbani hapewi mkeka. Huyo wa pili analetwa kwangu siku hiyo hiyo, au inapigwa 116, simu ya watoto, na hapo suala la siri limekwisha. Hilo tunalirudia kuliko zoezi lenyewe.

Lipo na la kwetu sisi tunaofundisha. Nimewahi kumaliza kikao chini ya mkungu, vijana wamelegea kama nguo zilizoanikwa, halafu kutoka upande wa ofisi ikasikika fimbo, na watu 12 wakakaza kwa mara moja. Hawakuwa wao wanaochapwa. Nilitazama kazi yangu ya dakika 40 inavyopotea kwa mlio mmoja. Bega linalongoja kiboko halitalegea kwa kuhesabiwa hadi 20, na sitaki kuwa mtu anayewafundisha watoto kuizoea fimbo kwa utulivu.

Nasikia raha kujua kwamba siko peke yangu. Baada ya vita vya Kosovo vya 1998 na 1999, walimu wa sekondari walifunzwa stadi kama hizi, pumzi, michoro, kutikisa mwili, wakaziongoza kwa vijana waliobaki na vita vichwani. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2008 ilihusu wanafunzi 82 na vikao 12, na majeraha ya moyo yalipungua. Michoro yao niliiazima: jichore ulivyo, jichore na tatizo lako kubwa, jichore tatizo likiwa limetatuliwa. Karibu na nyumbani zaidi, Kenya, mpango uitwao Shamiri uliwapa kazi vijana waliotoka tu sekondari kuwaongoza wadogo zao, na matokeo ya wanafunzi 413 yalichapishwa mwaka 2021. Wao hawalazi watu mikekani, wanazungumza kuhusu shukrani na kukua na mambo ambayo mtu anayathamini. Ila jina nawaonea wivu. Hivi ingekuwaje kama ripoti ya mwisho wa mwaka ingeuliza kama mtoto ameshamiri?

Yule binti wa siri saba alimaliza kidato cha nne mwaka juzi. Kabla hajaondoka alinikabidhi daftari la zamu za washauri, ambalo nilikuwa nimeshalisahau kwa sababu walikuwa wanalipanga wenyewe. Nilidhani nitakuta nani anasikiliza siku gani. Nikakuta kinyume chake. Walikuwa wamepanga zamu za kutosikiliza. Jumatatu majina mawili, Jumanne mawili, na pembeni maandishi ya kalamu nyekundu: siku hiyo mtu akija na shida, mwelekeze kwa mwingine, wewe nenda kafue. Hakuna aliyewafundisha hilo, mimi wala mwongozo wowote niliousoma. Ijumaa ilikuwa na jina moja tu. Lilikuwa langu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya vipindi, nilisikia hodi mlangoni. Kabla sijajibu, nikasikia sauti ya mtoto wa kidato cha pili nje, mshauri mpya hata sare ya uongozi hajapewa, akimwambia aliyebisha, kwa adabu zote, "Samahani dada, leo madam hasikilizi. Niambie mimi."

Nikakaa kimya. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi, madaftari 40 mezani, na taya langu limefungwa.